Miaka mitatu inaanza kuhesabiwa lini? Kisa cha likizo ya uzazi katika kiwanda cha samaki Mwanza

Barua ya mwajiri ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilimpongeza mfanyakazi kwa ujauzito. Ya pili ilisema kwamba likizo ya uzazi yenye malipo hutolewa mara moja kila baada ya miaka mitatu, kwamba yeye aliipata Juni 2023, na hivyo atastahili nyingine kuanzia Juni 2026. Kwa sasa alishauriwa atumie siku zake 28 za likizo ya mwaka, na siku zitakazozidi azichukue bila malipo. Chini yake sahihi, mhuri, nakala kwa mhasibu.

Aya hiyo ya pili ina makosa mawili ya kisheria. La kusikitisha ni kwamba aliyeiandika hakuwa na nia mbaya, maana ndivyo maofisa rasilimali watu wengi wanavyoamini, na ndivyo hata wafanyakazi wenyewe wanavyoambiana. Ukiuliza kwenye mstari wa kufungasha minofu ya sangara, kina mama tisa kati ya kumi watakujibu bila kusita: "Ukishazaa, subiri miaka mitatu." Kisa hiki nakiandika kwa sababu ya imani hiyo. Kilipita mikononi mwetu kwenye tawi la chama cha wafanyakazi. Tarehe nimezisogeza kidogo na majina nimeyaacha ili wahusika wasitambulike, ila mpangilio wa mambo ni uleule.

Mfanyakazi huyu aliajiriwa tarehe 2 Agosti 2021 kwa mkataba wa kudumu, kazi yake kupanga na kufungasha minofu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa 14 Juni 2023, akapewa siku 84 zenye malipo bila mgogoro wowote. Mwaka uliofuata akapata ujauzito tena, na kadi ya kliniki ikaonyesha anatarajiwa kujifungua 20 Oktoba 2024. Tarehe 12 Agosti alipeleka barua ya kuomba likizo, akaambatanisha kivuli cha kadi na cheti cha daktari. Jibu lenye aya mbili likaja 20 Agosti.

Hakulalamika popote. Alianza likizo Jumatatu ya 23 Septemba, wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua, akalipwa siku 28 kama likizo ya mwaka, na baada ya hapo mshahara ukakatika. Alijifungua 17 Oktoba. Mwisho wa mwezi pesa iliyoingia kwenye simu ilikuwa pungufu, na mwezi wa Novemba isingeingia kabisa.

Aliyekuja ofisini kwetu mwanzoni mwa Novemba ni mume wake. Ni mlinzi wa kampuni ya ulinzi, alitokea lindoni moja kwa moja, sare bado mwilini, ameshika bahasha ya kaki yenye karatasi zote. Mke alikuwa bado ndani ya arobaini. "Katibu," akasema, "mimi sina ugomvi na kiwanda. Nataka kujua tu kama walichoandika ni sahihi."

Jibu liko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, Sura ya 366 ya sheria za Tanzania. Namba za vifungu nitakazotaja ni za toleo la 2019, ndilo tulilotumia wakati huo. Tena sheria hii ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana Sheria ya Ajira yao, Na. 11 ya 2005, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba asichukue hesabu hizi akaenda nazo kwa mwajiri wake.

Kifungu cha 33 kinampa mfanyakazi, ndani ya mzunguko wowote wa likizo, angalau siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Maneno ya kushika hapo ni "ndani ya mzunguko wowote wa likizo". Mzunguko ni nini? Kifungu cha 30 kinaeleza. Kwa likizo ya mwaka, mzunguko ni miezi 12 ya ajira mfululizo. Kwa likizo nyingine zote za sehemu hiyo ya sheria, zikiwemo ya ugonjwa, ya uzazi na ya baba, mzunguko ni miezi 36. Na miezi hiyo 36 huanza kuhesabiwa siku mtu alipoajiriwa, kisha tena siku mzunguko uliotangulia ulipokwisha.

Tarehe ya kuzaliwa mtoto wa kwanza haimo kwenye hesabu hiyo. Haitajwi popote.

Sasa tuihesabu ajira ya mama huyu. Mzunguko wake wa kwanza ulianza 2 Agosti 2021 ukaisha 1 Agosti 2024. Ndani yake alizaa mara moja, Juni 2023, akapata siku 84, haki yake ya mzunguko huo ikawa imetumika. Mzunguko wa pili ulianza 2 Agosti 2024. Siku kumi baadaye alipeleka barua. Alipoanza likizo 23 Septemba alikuwa ndani ya mzunguko mpya ambao hajautumia hata siku moja. Alistahili siku 84 kamili, zenye malipo, kuanzia 23 Septemba hadi 15 Desemba 2024. Kwamba watoto wamepishana miezi 16 ni habari ya familia yake na ya nesi wa uzazi wa mpango. Kwenye kifungu cha 33 haina nafasi.

Mume alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ningeliuliza mimi pia: "Sasa hii miaka mitatu ya tangu mtoto aliyepita wameitoa wapi?"

Imetoka kwenye milango miwili. Mmoja ni utumishi wa umma. Watumishi wa serikali wanaongozwa na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009, na huko likizo ya uzazi hutajwa kuwa ya mara moja kila miaka mitatu. Ofisa rasilimali watu aliyeanzia kazi halmashauri akahamia kiwandani huja na mazoea hayo kichwani. Mlango wa pili ni mafao ya uzazi ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambayo nayo yana sharti la miaka mitatu kati ya dai moja na jingine, isipokuwa mtoto wa awali amefariki mapema. Fao la NSSF na mshahara wa likizo ya uzazi ni vitu viwili, kila kimoja na sheria yake. Mtu anaweza kukosa kile cha NSSF kwa sababu hajatimiza masharti ya Mfuko, huku mwajiri akiwa bado anadaiwa siku 84. Mama huyu ndivyo alivyokuwa. Kiwanda kilimwambia kwa mdomo "kajaribu NSSF," NSSF wasingemlipa, na yeye akachukulia kwamba milango yote miwili imefungwa kwa ufunguo mmoja.

Hata hivyo hesabu hii ya mzunguko haimbebi kila mama. Kwenye kiwanda hichohicho kuna mwenzake aliyeajiriwa Februari 2022, akajifungua Novemba mwaka huo, akajifungua tena Desemba 2024. Watoto wamepishana miezi 25, pengo zuri kuliko la mama wa kisa chetu. Lakini mzunguko wake wa kwanza ulikuwa haujaisha hadi Februari 2025, kwa hiyo uzazi wa pili uliangukia ndani ya mzunguko uleule na mwajiri hakulazimika kumlipa. Aliyepishanisha kwa miaka miwili akakosa, aliyepishanisha kwa mwaka mmoja na ushee akapata. Mimi naona huu ni ubovu wa sheria yenyewe. Kama lengo la miezi 36 lilikuwa kuhimiza watu wapangilie uzazi, chombo kilichochaguliwa hakifanyi kazi hiyo, maana tarehe ya ajira haina uhusiano wowote na afya ya mama wala ya mtoto. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, mama hupewa miezi mitatu yenye malipo kamili na hakuna mzunguko wa namna hii. Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka angalau wiki 14. Sisi siku zetu 84 ni wiki 12, na hata hizo 12 zimefungiwa ndani ya kalenda ya mwajiri.

Ila sheria ndiyo hiyo, na pale inapomwangukia mfanyakazi vizuri, aichukue.

Kuna vizuizi vingine viwili tulivyovikagua kabla ya kumwambia mume aendelee. Mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kazini hana likizo zenye malipo za sehemu hii. Huyu alikuwa na miaka mitatu. Na mwajiri halazimiki kulipa zaidi ya likizo nne za uzazi kwa mfanyakazi mmoja. Huyu alikuwa anaomba ya pili. Pia sheria inamwongezea mama siku 84 nyingine ndani ya mzunguko uleule iwapo mtoto atafariki kabla ya kutimiza mwaka. Hilo halikumhusu, na Mungu apishe mbali, ila nalitaja kwa sababu sijawahi kuona mwajiri akilisema mwenyewe bila kuulizwa.

Turudi kwenye barua. Kosa la pili lilikuwa ule ushauri wa kutumia likizo ya mwaka. Umeandikwa kwa upole, kama msaada. Kifungu cha 31 kinakataza mwajiri kumtaka au hata kumruhusu mfanyakazi achukue likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine anayostahili chini ya sheria hiyo. Ona neno "kumruhusu". Hata kama mama mwenyewe angeandika barua kwamba anaomba siku zake 28 zimezwe na uzazi, mwajiri alipaswa kukataa. Siku zile 28 ni za mapumziko, na kujifungua hakuhesabiki kuwa mapumziko.

Kiwanda kilikuja na hoja ya tatu baadaye, baada ya sisi kuandika. Kwamba taarifa ilichelewa. Hapa walikuwa na ukweli kiasi. Kifungu cha 33 kinamtaka mfanyakazi atoe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, ikiwa na cheti cha daktari. Miezi mitatu kabla ya 20 Oktoba ni 20 Julai. Yeye alipeleka 12 Agosti, wiki tatu nyuma. Jibu letu lilikuwa kwamba kifungu kinaweka wajibu wa taarifa lakini hakisemi aliyechelewa anapoteza malipo, na kwamba barua ya kiwanda ya 20 Agosti haikulalamikia ucheleweshaji hata kwa neno moja. Sababu waliyoitoa wakati ule ilikuwa miaka mitatu, basi. Huwezi kumnyima mtu kwa sababu moja, ikikwama ukaokota nyingine.

Bado nasisitiza kwa kila mama anayenisoma: peleka taarifa mapema, tena kwa maandishi, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Kina mama wengi wa viwandani huchelewesha kwa makusudi. Wanaogopa kwamba mimba ikijulikana watahamishiwa kazi yenye kipato kidogo, au msimamizi atawaandama. Woga huo una sababu zake, ila ndio unaompa mwajiri hoja ambayo asingekuwa nayo. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito si sababu halali kwa mujibu wa kifungu cha 37, na kumbagua kwa ujauzito kumekatazwa na kifungu cha 7.

Kulikuwa na jambo jingine ndani ya ile bahasha ya kaki ambalo mume hakuja kulilalamikia, na kwangu mimi ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Ilikuwa picha iliyochapishwa ya ratiba ya zamu, ile inayobandikwa ukutani karibu na mashine ya kugonga kadi. Mama alikuwa ameipiga kwa simu ili akumbuke zamu zake. Namba yake ya kazi ilikuwa kwenye safu ya usiku wiki inayoanza 26 Agosti, na tena wiki inayoanza 9 Septemba. Zamu ya usiku pale huingia saa mbili usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa asiyekijua kiwanda cha samaki: mfungashaji husimama zamu nzima mbele ya meza ya chuma, gambuti miguuni, maji ya barafu yakitiririka sakafuni, koti la baridi juu ya aproni. Minofu hufika kwenye kreti, anapanga, anafunika na nailoni, anapanga tena, kreti ikijaa inasukumwa kwenda chumba cha baridi. Kukaa ni wakati wa chakula tu. Mama wa mimba ya miezi saba na nusu alifanya hivyo usiku kucha, wiki mbili.

Kifungu cha 20 kinamkataza mwajiri kumpangia au kumruhusu mjamzito kufanya kazi ya usiku ndani ya miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, na usiku kwa sheria hiyo ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa tarehe ya 20 Oktoba, katazo lilianza 20 Agosti. Siku ileile ya barua ya kumnyima likizo. Kiwanda kilikuwa na kadi ya kliniki mkononi tangu tarehe 12, kwa hiyo hakiwezi kusema hakikujua. Juu ya hapo, kifungu cha 33 kinakataza kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto, na kinataka apewe kazi nyingine inayofaa, kwa masharti yasiyopungua yale aliyokuwa nayo, pale inapowezekana. Kwenye kiwanda kile inawezekana: kuna kubandika lebo, kuna kuhesabu katoni, kuna ofisi ya kupima uzito yenye kiti.

Tulipompigia simu mama mwenyewe kumuuliza kuhusu zamu zile, alisema: "Kaka, zamu ya usiku ina nyongeza." Ni kweli, sheria inataka nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Alikuwa anakusanya akiba ya kujifungulia kwa sababu ameshaambiwa hatalipwa. Yaani kosa moja la mwajiri ndilo lililomsukuma akubali la pili.

Kabla mume hajaondoka aliuliza la kwake. Kampuni yake ilimnyima siku tatu za baba, nao wakamwambia miaka mitatu haijapita. Bila shaka alitegemea nimwambie kwamba amedhulumiwa vilevile.

Yeye hakudhulumiwa. Kifungu cha 34 kinampa baba angalau siku tatu zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, na kinafafanua waziwazi kwamba siku hizo tatu ni jumla ya mzunguko mzima, haijalishi watoto wangapi wamezaliwa humo. Aliajiriwa Januari 2022. Mzunguko wake ulikuwa unaisha Januari 2025. Mtoto wa kwanza alizaliwa Juni 2023 na siku tatu akazitumia zote. Mtoto wa pili, Oktoba 2024, akazaliwa ndani ya mzunguko uleule. Mtoto mmoja, nyumba moja, mama anastahili siku 84 na baba hana hata moja, kwa sababu tu tarehe zao za kuajiriwa zimepishana miezi mitano. Kama mwaka 2023 angechukua siku mbili, angebaki na moja.

Alicheka. Kicheko cha mtu aliyekesha. Nikamweleza kwamba sheria inasema "angalau", kwa hiyo chama kikikaa mezani na kampuni yake kinaweza kupata siku zaidi kwenye mkataba wa hali bora, ila kwenye kampuni za ulinzi mikataba hiyo ni adimu. Siku tatu zenyewe hazitoshi hata kumsubiri mke atoke hospitali kama amejifungua kwa upasuaji. Kenya baba hupata wiki mbili. Kwa mtoto huyu aliishia kubadilishana zamu na wenzake lindoni, akalipa fadhila kwa kulinda Jumapili mfululizo.

Mgogoro wa mama tuliupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Hapa kuna mtego wa muda ambao huwanasa kina mama kuliko wafanyakazi wengine. Migogoro ya kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, na mingineyo ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Ukihesabu tangu barua ya 20 Agosti, siku 60 ziliisha 19 Oktoba. Mama alijifungua tarehe 17. Nani anajaza fomu za Tume akiwa na kichanga cha siku mbili?

Tulikuwa na njia ya kusema mgogoro ulitokea mwisho wa Oktoba, siku mshahara ulipoingia pungufu, kwa sababu hapo ndipo haki ya malipo ilipovunjwa kwa vitendo. Hoja hiyo ina nguvu, ila sikutaka kuitegemea peke yake. Kwa hiyo pamoja na Fomu Na. 1 ya kufungua mgogoro tuliambatanisha Fomu Na. 2, maombi ya kuongezewa muda, sababu ikiwa ni kujifungua, na kadi ya kliniki ikiwa ushahidi. Tulitaka fomu isainiwe na mlalamikaji mwenyewe. Ilipelekwa nyumbani, akasaini akiwa kitandani, ikarudi. Kisha nakala ikapelekwa kiwandani kwanza na kupokelewa kwa mhuri, maana Tume haipokei mgogoro bila uthibitisho kwamba upande wa pili umepewa. Ikafunguliwa Jumatatu ya 11 Novemba. Upande wa kiwanda haukupinga suala la muda.

Shida ndogo ilikuwa ushahidi wa tarehe ya kuajiriwa, ambao ndio roho ya kesi nzima. Barua yake ya ajira ilipotea alipohama nyumba. Tuliomba taarifa ya michango NSSF, ikaonyesha mchango wa kwanza ni wa Agosti 2021. Na kwa mujibu wa kifungu cha 15 mwajiri ndiye anayepaswa kutunza maelezo ya maandishi ya ajira, ikiwemo tarehe ya kuanza kazi. Akishindwa kuyatoa mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Kiwanda kilileta nakala ya mkataba bila ubishi. Tarehe ileile.

Madai yenyewe kwa shilingi hayakuwa makubwa. Mshahara wake wa msingi ni 390,000 kwa mwezi. Jedwali la kwanza la sheria linasema mshahara wa mwezi ugawe kwa 4.333 kupata wa wiki, ikaja kama 90,000. Siku 84 ni wiki 12, sawa na 1,080,000. Siku 28 alishalipwa kwa jina la likizo ya mwaka. Zilibaki siku 56, yaani wiki nane, 720,000. Na siku zile 28 za likizo ya mwaka tukataka zirudishwe kwenye kadi yake.

Wakili wa kiwanda aliandika kwamba lengo la Bunge kuweka miezi 36 lilikuwa kuweka nafasi kati ya uzazi na uzazi, hivyo sheria isomwe kwa lengo hilo. Ni hoja ya kusikilizwa, ila inataka kuongeza kwenye kifungu maneno ambayo hayapo. Bunge lingetaka kusema "tangu uzazi uliopita" lilikuwa na karatasi na wino. Pagumu zaidi pangekuwa kama likizo ingeanza kwenye mzunguko mmoja na kuishia kwenye mwingine. Hapo ningekuwa mpole zaidi kwenye barua zangu. Likizo hii ilianza wiki saba na ushee ndani ya mzunguko mpya.

Usuluhishi ulifanyika tarehe 5 Desemba. Yanayosemwa mle ni siri, kwa hiyo nitataja kilichosainiwa tu. Kiwanda kilikubali kulipa 720,000 kwa mafungu mawili sawa, moja likilipwa siku ya mshahara wa Desemba na jingine siku ya mshahara wa Januari. Siku 28 za likizo ya mwaka zilirudishwa, na kwa ombi la mama aliruhusiwa kuziunganisha mara tu uzazi unapoisha 15 Desemba, ili arudi kazini Jumatatu ya 13 Januari 2025. Atakaporudi atarudi kwenye kazi ileile kwa masharti yaleyale. Na muda wa kunyonyesha, ambao kifungu cha 33 kinaruhusu hadi saa mbili kwa siku wakati wa kazi, utagawanywa: aingie saa moja baadaye na atoke saa moja mapema, kwa kuwa anakaa mbali, na kiwandani hakuna mahali pa kumleta mtoto. Zamu za usiku hatapangiwa katika miezi miwili ya mwanzo baada ya kujifungua kama sheria inavyotaka, jambo ambalo kwa tarehe zile lilikuwa limeshapita lenyewe.

Kwa zile wiki mbili za usiku hakupata kitu. Zilikuwa zimepita, mtoto alizaliwa salama, nyongeza alilipwa, na mama hakutaka kulifukuzia. Nilimwelewa. Lakini ukiniuliza mimi, kati ya yote yaliyofanyika hilo ndilo lililoweza kuua, na ndilo lililoondoka bila hata mstari mmoja kwenye makubaliano. Tulichofanya ni kuandika barua ya tawi kwa uongozi tukitaka orodha ya wajawazito iwekwe kwa msimamizi wa zamu, tarehe ya kujifungua ikiwa pembeni ya kila namba, ili anayepanga ratiba awe anaiona. Walijibu kwamba wamepokea.

Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za kazi, na kilio cha muda mrefu cha kina mama waliojifungua watoto njiti kikasikika: sheria sasa inawapa nyongeza ya muda. Ni hatua kubwa kwa wanaohusika. Mzunguko wa miezi 36 wenyewe umeachwa ulivyokuwa, na hesabu ya siku tatu za baba ndani ya mzunguko pia.

Kwa hiyo mwenye swali kama la mume yule achukue barua yake ya ajira, aangalie tarehe aliyoanza kazi, aongeze miezi 36, na tena 36, mpaka afike alipo. Kwa mama wa kisa hiki mzunguko wa sasa unaisha 1 Agosti 2027. Siku 84 za mzunguko huo ameshazitumia zote, na likizo zenye malipo alizobakiza kwa mwajiri huyu ni mbili. Hayo tulimwandikia kwenye karatasi, kwa tarehe, akabandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto.